Sura Tatu za Gozbert

"Sura, Editha. Nipe sura."

"Sina sura, mkuu. Nina turubai."

Redio ya Motorola ilikoroma sikioni mwake, halafu ikacheka. Kicheko kilikuwa cha Projestus, mkuu wa operesheni, aliyekuwa amekaa ofisini Kinondoni na kiyoyozi chake na chai yake ya maziwa.

"Nakuuliza mtu, wewe unanipa turubai?"

Editha Komba, mpelelezi wa pikipiki, alikaza macho barabarani. Alivuta mafuta, pikipiki yake ya Boxer ikaruka tuta, ikapenya kati ya basi na mkokoteni wa matikiti. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, na Ubungo ilikuwa inachemka.

Tangu alfajiri alikuwa nyuma ya Fuso iliyopakia mitungi ya gesi kwenye yadi moja huko Kawe. Mitungi sitini. Ndani ya sita hapakuwa na gesi. Palikuwa na baruti, iliyoingizwa nchini na watu wa nje walionyimwa usingizi na mazungumzo ya bomba la gesi. Inapelekwa wapi? Mtoa habari alisema Kimbiji, kwenye nyumba karibu na pwani. Ofisi nzima ilimwamini.

Ndipo Fuso ikaingia gereji pale Ubungo. Dakika saba baadaye zikatoka Fuso mbili.

Moja ilikuwa na namba ya Kawe, T 618 DQF. Ikashika barabara ya mjini kuelekea kivuko cha Kigamboni. Nyingine ilikuwa na namba ngeni. Ikakata kuingia barabara ya Mandela, kuelekea Temeke.

"Fuata namba!" Projestus aliamuru.

"Wamebadilishana namba, mkuu. Turubai la gari la Kawe lina viraka vinne. Viwili bluu, kimoja cha gunia la mbolea, kimoja cheusi kimeshonwa kwa katani, mishono kumi na moja. Hilo turubai linakwenda Temeke."

"Ulilitazama muda gani?"

"Sekunde nane."

Kisha sauti ikashuka, ikawa ile ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Sikiliza, binti. Naima, mchambuzi wetu, amelinganisha picha zako asubuhi hii. Yule wakala wa gesi wa Kawe uliyemripoti Januari. Yule fundi wa Ubungo wa Machi. Yule mzee wa kanzu wa Kimbiji wa wiki iliyopita. Ni mtu mmoja. Anaitwa Gozbert. Umekunywa naye chai mara tatu, ukaniletea ripoti tatu za watu watatu. Leo nihamishe kikosi kizima kwa sababu ya viraka?"

Mara tatu.

"Rudi ofisini. Hiyo ni amri."

Alikuwa na miaka ishirini na sita daktari alipompa jina la kitu alichozaliwa nacho. Usonji. Daktari alisema si wote wenye usonji wanafanana, na kumbukumbu zao hazifanani pia. Yeye yake ilikuwa hivi: namba, maneno, mishono na mpangilio wa vitu hubaki kichwani kama vilivyochongwa kwenye jiwe. Sura zinafutika. Matukio ya maisha yake mwenyewe humjia vipandevipande, bila mwanzo wala mwisho. Mpe maelekezo marefu kwa mdomo, yatamwagika kabla hujamaliza. Siku ya mazishi ya baba yake, mzee Benedikto, kule Songea, anakumbuka namba ya gari lililobeba jeneza na idadi ya misumari kwenye kifuniko. Uso wa baba yake ulishampotea.

Watu husikia habari hizo wakacheka. Wakimaliza kucheka humwomba namba ya simu ya mtu fulani.

Alizima redio. Akakata kulia, kuingia Mandela.

*

Turubai lenye viraka vinne lilikuwa limekunjwa chini, nyuma ya ukumbi wa mikutano hapo Temeke. Fuso ilikuwa tupu.

Mlangoni palikuwa na bango: Karibuni Wajumbe, Mazungumzo ya Bomba la Gesi. Chakula cha mchana saa saba. Ndani watu mia mbili. Jikoni wapishi kumi na wanane.

Editha alielewa. Mitungi ingelipuka katikati ya pilau, wajumbe wafe, mazungumzo yafe, na nchi nzima ingesema ni ajali ya gesi. Mpishi mmoja angetupiwa lawama akiwa kaburini.

Aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

"We dada, huku hakuna kuingia na viatu vya pikipiki!" Mama mmoja mnene alimzuia kwa mwiko. Aliitwa Mauwa, mpishi mkuu, mtu wa Lindi, kilemba kimelowa jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Salamu haifuti tope, mwanangu. Toka."

Editha alimwonyesha kitambulisho, akamnong'oneza maneno matatu. Mauwa akauteremsha mwiko taratibu.

"Nipige kelele?"

"Usipige. Lazima kuna mtu humu ana rimoti. Akishtuka anabonyeza."

"Mtu gani?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Alikuwa amekaa na Gozbert meza moja mara tatu, na sasa Gozbert angeweza kuwa yeyote. Mpambaji mwenye maua. Mlinzi wa mlangoni. Yule mwanamume aliyekuwa anamenya vitunguu huku analia.

"Sijui," Editha alisema. Neno lilikuwa chungu mdomoni. "Zima majiko yote. Waambie gesi inavuja kidogo, watoke nje bila mbio."

"Na wewe?"

"Mie nasoma."

Asubuhi kule Kawe aliona mitungi sita ikitolewa chumba cha peke yake na kupakiwa mwisho. Kila mtungi una namba iliyogongwa kwenye chuma cha shingo. Alizisoma mara moja, akiwa juu ya pikipiki, akijifanya anakaza mnyororo.

Sasa alipita mstari wa mitungi ukutani, ameinama, kidole kikigusa shingo moja baada ya nyingine.

770413. Huu.

770419. Huu.

Akaruka kumi na mbili. 771206. Huu.

Wa nne ulikuwa chini ya jiko la wali. Wa tano nyuma ya ndoo za kachumbari.

Akatoa kizuia-mawimbi mfukoni, kipande cheusi ukubwa wa sabuni ya kufulia, akakibandika kwenye mtungi wa tano. Sasa hakuna rimoti wala simu ambayo ingefanya kazi ndani ya hatua thelathini. Hata redio yake isingeshika humo.

Wa sita haukuwepo.

"Mama, kuna mtungi umetolewa humu?"

"Upo mmoja. Wamekuja kuuchukua, eti wa kuchemshia chai ya wakubwa. Pita stoo, kata kushoto penye tangi, usiingie mlango wa pazia la kijani, ruka huo, panda ngazi, wa pili siyo wa kwanza, halafu—"

Maneno yakaanza kumwagika. Stoo. Tangi. Pazia. Ngazi ilikuja kabla au baada?

"Mama, samahani. Sishiki. Nichoree."

Mauwa alimtazama mara moja tu. Hakucheka. Alinyakua kiganja cha unga wa ngano, akaumwaga mezani, akachora kwa kidole: stoo, tangi, milango miwili, ngazi, chumba. Akaweka punje ya pilipili mtama mahali penye mtungi.

Editha aliutazama mchoro kwa sekunde tatu.

Akakimbia.

Hatua thelathini zikaisha kwenye ngazi. Juu ya hapo rimoti ya Gozbert ilikuwa hai.

Chumba cha chai kilikuwa nyuma kabisa ya meza kuu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na kupitia mbao hizo alisikia mjumbe mmoja akikohoa kwenye kipaza sauti. Mtungi ulisimama pembeni ya birika la umeme lililokuwa likichemka. 771344. Huu.

"Hatari hapo, sista."

Aligeuka. Mlangoni alisimama mtu aliyevaa sare ya zimamoto, kofia mkononi, tabasamu usoni. Uso mgeni kabisa.

"Nimeitwa kukagua gesi," mtu huyo alisema. "Huo mtungi niachie mie. We shuka na wenzako."

Sauti yake ilikuwa ya upole na ya kiserikali. Editha alikwisha kupiga hatua moja kuelekea mlangoni. Mtu wa zimamoto amekuja kwenye gesi. Nini cha ajabu?

Alipompita, mtu yule akashindwa kujizuia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekaa mbele ya polisi mara tatu bila kuonekana.

"Kumbe ndo wewe," alisema taratibu, akitabasamu. "Kichwa daftari, macho ya kuazima."

Editha akasimama.

Maneno hayo ya kumdhihaki yeye yalizaliwa ofisini Kinondoni Jumanne ya wiki iliyopita. Hayakuwahi kuandikwa popote. Mtu wa zimamoto angeyatoa wapi?

Aliiona mikono. Mmoja ulikuwa na kofia. Mwingine ulikuwa unaingia mfukoni.

Alinyakua birika la umeme na kuupiga nalo ule mkono.

Maji ya moto. Ukelele. Rimoti ikaanguka, ikateleza chini ya meza. Gozbert akachomoa bastola ya Makarov kwa mkono uliobaki, risasi ikatoboa dari. Editha akapenya chini ya mkono wake, kiwiko kooni, goti tumboni, kichwa cha Gozbert kikagonga mtungi kwa mlio kama wa kengele ya kanisa. Bastola ikamponyoka.

Kiatu cha pikipiki kikatua juu ya kifundo cha mkono. Kitu kikavunjika, na hakikuwa kiatu.

"Mara ya nne," Editha alisema, akihema. "Habari za chai?"

Alitoa betri za rimoti, akamfunga mikono kwa kamba ya aproni iliyotundikwa ukutani. Kisha akashuka uwanjani, mbali na kizuia-mawimbi, akawasha redio.

"Mitungi sita, Temeke. Leteni watu wa mabomu."

"Wewe nani amekutuma Temeke?" Projestus alifoka. Alikuwa Kimbiji na kikosi kizima, mbele ya Fuso yenye mitungi ya gesi safi kabisa.

*

Kikao kilifanyika baada ya siku mbili. Mkurugenzi, Mama Felicitas, alikaa kichwani mwa meza. Projestus alikwisha kusoma taarifa yake: operesheni ilifanikiwa chini ya uongozi wake. Jina la Editha lilitajwa mara moja, karibu na neno "utovu wa nidhamu."

"Editha," Mkurugenzi alisema. "Tusimulie. Anzia mwanzo."

Mwanzo ni upi? Turubai? Kawe? Januari? Picha zilimjia zote kwa pamoja, zikaziba mlango. Alifungua mdomo, ukabaki wazi.

Projestus akapanua mikono. "Mnaona wenyewe."

"Mama, naomba," Naima alisema kutoka kwenye kona. "Aulizwe kitu kimoja kimoja."

Mkurugenzi alivua miwani. "Haya. Gozbert alikwambia nini?"

"'Kichwa daftari, macho ya kuazima.'"

"Uliwahi kuyasikia wapi?"

"Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane na dakika ishirini, chumba hiki. Aliyasema mkuu Projestus. Cyprian alicheka kwanza, halafu Kornelio. Alhamisi mkuu aliingia hapa akasema: 'Ile ya daftari nimeitoa baa jana, meza nzima imevunjika mbavu, nimewaambia ninaye mpelelezi hata ukimpikia chai kesho hakujui.'"

Aliyasema kwa sauti ile ile ya Projestus, na pale Projestus alipokuwa amemeza mate, naye alimeza.

Hakuna aliyecheka.

Mkurugenzi aliandika kitu, akakifuta. Walipobaki wanne chumbani, alisukuma karatasi mezani.

"Ya mkuu wako nitayashughulikia ndani kwa ndani. Lakini ulikaidi amri, na umemwaibisha mbele ya walio chini yake. Hii ni barua ya kuomba radhi, imeshachapwa. Tia saini, kesho uko barabarani. Usipotia, Jumatatu unaripoti masjala, kupanga mafaili. Huko kumbukumbu yako itafaa."

"Mie sina kinyongo, binti," Projestus alisema. Alishapata tena sauti yake ya kuongea na mgonjwa. "Niombe radhi tu, yaishe."

"Saini, shosti," Naima alinong'ona. "Pikipiki hiyo, Editha. Saini."

Editha aliisoma barua mara moja. Ilikuwa na mistari kumi na minne. Neno "samahani" lilikuwemo mara tatu. Watu mia mbili na wapishi kumi na wanane hawakuwemo hata mara moja.

Aliitazama kalamu. Aliipenda barabara kuliko kitu chochote duniani, na kila mtu pale mezani alilijua hilo.

Akairudisha kalamu mahali ilipokuwa. Akaweka ufunguo wa Boxer juu ya barua. Akaibana kofia yake ya pikipiki kwapani, akatembea hadi mlangoni bila haraka.

"Editha!" Projestus aliita. "Nakusubiri useme."

Aligeuka, akautazama vizuri uso huo, ambao angekutana nao Jumapili sokoni na asiujue.

"Siombi radhi, mkuu."