Boila Iliyojibu

Donatien Sebagenzi aligonga tumbo la boila kwa nyundo, akasikiliza, na boila ikamjibu.

Haukuwa mwangwi. Mwangwi haungoji mtu ashushe mkono kwanza. Tena yeye mwenyewe alikuwa ametoka mle ndani muda si mrefu, kupitia tundu la duara linalotosha mabega ya mtu mmoja, na hakuacha kitu humo ila giza na harufu ya chuma kilicholowa.

"Umesikia, Shefu?" alinong'ona Ildephonse, fundi wake, aliyekuwa amekumbatia mfuniko wa tundu kama sinia.

"Nimesikia chuma. Jua linapiga bati tangu asubuhi. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikitanuka kinalia."

"Chuma ya hapa Uvira haingojake muntu amalize kugonga."

Nyumba ile ya mitambo ilisimama ukingoni mwa ziwa. Kuni zilichemsha boila, mvuke ukazungusha pampu, pampu ikapandisha maji safi ya kisima hadi kwenye mabomba ya mji. Lakini maji ya pale yana chumvi zake. Yakichemka huacha ukoko mgumu kama mwamba. Kwa hiyo kila baada ya muda boila hupozwa, na mtu huingia ndani kuubandua. Ndiyo maana palikuwa na sharti moja, la zamani kuliko uhuru: kabla ya kufunga mfuniko, gonga, usikilize. Aliye ndani hugonga kujibu. Boila ikijibu, moto hauwashwi.

Donatien, mtoto wa wafugaji wa milima ya Mulenge, alikuwa amesomea uhandisi wa mitambo Ulaya. Sharti hilo hakulikuta katika kitabu chochote, lakini aliliheshimu kuliko yote aliyoyakuta vitabuni.

"Ni Venant, mwenzetu wa kazi kabla hujaja," alisema Ildephonse. "Siku ya bunduki alikuwa mule ndani, anabandua ukoko. Akasikia risasi, akanyamaza. Wale walioingia walitaka maji palepale. Walifunga mfuniko, wakafungulia maji, wakatuwashisha moto kwa nguvu. Hakuna aliyegonga, Shefu. Sisi tulifikiri amekimbilia Burundi. Naye alifikiri akigonga watamuua."

"Mlimkuta lini?"

"Vita ilipopanda milimani. Tulimzika harakaharaka. Hata matanga hakuna."

Donatien alimtazama. "Weye ulijua haya yote, ukaniacha niingie?"

"Ningekuambia, ungeingia?"

Wangeweza kucheka, siku nyingine. Lakini tangu boila izimwe mji ulikuwa unakunywa maji ya ufukweni, palepale yanaposhukia machafu, na hospitalini watoto walilala wawiliwawili kwenye mkeka mmoja. Nyumbani kwake, Louise, binti yake wa pekee, alikuwa ameanza kuhara. Macho yamezama, midomo imekauka, anaomba maji. Na maji hayohayo aliyoyaomba ndiyo yaliyomwangusha.

Donatien aligonga tena, safari hii kwa mdundo wa kwao, ule wa kuita ng'ombe warudi zizini. Mdundo ukarudi kama ulivyokwenda, ila chini zaidi, karibu na goti lake, na pamoja nao ikatoka tunduni harufu ya sabuni ya mawese.

"Jini gani hili linalooga?" Ildephonse alijaribu utani. "Venant alikuwa hivyo. Hakurudi kwa bibi yake bila kunawa."

Wakamwita huyo mkewe, Bernardine, ambaye wote walimwita Mama Consolate. Alikuja na bugali na ndagala, vidagaa vya ziwani, ndani ya sahani iliyofunikwa. Aliweka sahani chini ya tundu, akaweka kiganja juu ya chuma kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Baba Consolate, ni minye, bibi yako. Wenye bunduki walishaenda. Toka. Chakula kitapoa." Kisha akawageukia wale wawili. "Mutazame ukutani. Hakupendake watu wamuone na uchafu wa kazi."

Wakageuka kama watoto walioadhibiwa, na wakiwa wameuelekea ukuta walisikia kitu kikijikokota ndani ya boila, polepole, kikisimama na kuendelea, kikakwaruza ukingo wa tundu mahali ambapo mabega hubana, kikadondoka kwenye sementi kwa kishindo cha nguo iliyolowa, kisha hatua, chap, chap, zikapita nyuma ya shingo zao na baridi yake, na hakuna kati yao aliyethubutu hata kumeza mate mpaka kimya kiliporudi.

Nyayo mbichi zilitoka tunduni hadi mlangoni.

"Ametoka," alisema Mama Consolate, akafunika uso kwa kitenge, akaenda zake akilia kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ya bunduki.

Machozi yalimzuia kuona alichokiona Donatien. Nyayo zilifika kizingitini, pale mwanga wa jua unapoanzia. Hapo ziligeuka, zikaelekea tena kwenye boila.

Donatien akachukua tambara, akapangusa sementi.

"Sasa tugonge, Shefu," alisema Ildephonse. "Tusikilize kwanza."

Donatien aliona mawazoni midomo ya Louise iliyokauka. "Funga."

"Bila kugonga?"

"Funga, nimesema. Washa."

Siku ile hawakusikia lolote. Moto ulivuma mno. Jioni mabomba ya mji yalikohoa, yakatema kutu, yakatoa maji. Wanawake walipiga vigelegele. Louise alikunywa, akalala, na baada ya siku chache akaanza kumsumbua mama yake kama zamani. Watu walimletea Donatien kuku, wakamwita Baba wa Maji, naye alicheka nao, huku akinusa sabuni ya mawese mikononi mwake.

Ukoko ukajijenga tena, boila ikapozwa. Wafanyakazi walisimama mbali, kila mmoja na udhuru wake. Donatien hakumlazimisha mtu. Alichukua taa na nyundo, akaingia mwenyewe.

Alibandua mpaka mikono ikafa ganzi. Hapakuwa na kitu. Nje, Ildephonse akagonga, kama sharti linavyotaka. Donatien akainua nyundo, akagonga kujibu.

Kisha sauti ya Ildephonse ikaingia tunduni, ya chini, ya mtu anayeogopa kumwamsha mwingine.

"Shefu, toka polepole, tafadhali. Muko wangapi mule ndani?"

Donatien alifungua mdomo aseme yuko peke yake. Harufu ya sabuni ya mawese ikamjia kisogoni, yenye joto kama pumzi, na kabla hajatamka neno, mwenzake akatangulia kujibu, akigonga mdundo wa ng'ombe wanaoitwa nyumbani.