Mkalimani wa Igogo

Kila siku akitoka shule, Justa wa darasa la sita alipitia kwenye kibanda cha Machibya, fundi viatu wa Igogo. Machibya ni kiziwi, huzungumza kwa lugha ya alama. Wateja walimwuliza Justa, "Anasemaje?" Naye, hata mikono ya fundi haijatulia, alijibu, "Anasema njoo kesho." Wala hakukosea. Fundi viatu gani hasemi kesho?

Sifa zikamvimbisha kichwa. Akawatangazia wenzake kwamba hata korongo wa pale ziwani akipiga mbawa, yeye anampata neno kwa neno.

Jumamosi moja, mke wa Machibya akiwa msibani Misungwi, fundi alitoka nyumbani mbio. Alimbeba mwanawe Kija, wa miaka mitatu, kichwa kikining'inia begani. Majirani wakasema, "Justa, nenda naye. Wewe ndiye unayemwelewa."

Kwenye zahanati, Nesi Modesta alimlaza mtoto kitandani.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Amepatwa na nini?"

Machibya alipinda mgongo, akaubana mkono wake juu ya kiwiko, kisha vidole vikaenda mdomoni. Katika alama zote hizo, Justa aliambulia ule mkono tu.

"Anasema ameanguka, mkono unamuuma."

Nesi akaanza kuupapasa mkono wa Kija. Mtoto hakulia, alizidi kulegea. Machibya akatikisa kichwa, akagonga meza, akarudia alama zilezile. Justa akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Machozi yalikuwa yakimtiririka mtu mzima yule.

"Nesi, nimedanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuelewa. Huwa nabahatisha."

Modesta aliuacha mkono. "Basi leo usibahatishe. Mtazame. Niambie unachokiona, siyo unachodhani."

Justa alisimama mbele ya fundi, akashusha kiganja taratibu: polepole. Machibya akarudia.

"Amepinda mgongo, ameshika fimbo. Ni mama yake, bibi yake Kija. Anabana mkono, kama kile kipimo chenu cha presha. Sasa anatoboa kitu kwa kidole gumba. Kimoja, kingine, kingine. Anamwonyesha Kija. Mdomoni." Justa akasita. "Nesi, Kija amemeza vidonge vya presha vya bibi."

Nesi alimpima Kija presha, akapiga simu, na gari likampeleka Kija hospitali kubwa. Siku ya tatu alirudi nyumbani, anadai uji.

Wiki iliyofuata Modesta alifika kibandani kufuata viatu vyake.

"Ungechelewa kusema hukuelewa, tungekuwa bado tunapapasa mkono," alimwambia Justa. "Kutoelewa si kosa, mwanangu. Kosa ni kujifanya umeelewa, halafu mwenzako ndiye anayeumia. Haya, fundi anasemaje?"

Justa alitazama mikono, akatazama uso, akasubiri mpaka vyote vikatulia.

"Anasema viko tayari, nesi. Tena tangu jana."