Amehama, Lakini Hakufika

Kila asubuhi kinyozi alifungua kibanda chake cha kunyolea. Binti yake alibaki chumbani na mdogo wake mchanga. Mama yao alifariki baada ya kujifungua, ndipo wakahamia mtaa huu. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuwa amekanyaga darasani kwa miezi minne.

Siku moja jirani yao, karani wa takwimu katika ofisi ya elimu, alimkuta mlangoni akimsomea mtoto maandishi ya kopo la maziwa.

"Unasoma vizuri, mwanangu! Uko shule gani?"

"Siendi, shangazi. Nalea."

Kesho yake karani alipekua orodha ofisini. Jioni akaenda kibandani.

"Kaka, shule yake ya zamani imeandika 'amehama'. Shule ya hapa haijawahi kumwona. Hayumo kwa wanaosoma, wala kwa walioacha."

Kinyozi alizima mashine. "Mwanangu hajaacha shule! Ni shida tu."

"Najua. Hatumchafulii jina. Zamani kila shule ilihesabu kivyake. Hii inaandika mtoro, ile inaandika amehama, nyingine inafuta jina tu. Sasa tumekubaliana kanuni moja. Mtoto akikosekana wiki sita mfululizo, na hakuna barua kwamba amepokelewa kwingine, anahesabiwa ameacha. Kisha tunamtafuta. Wako aliandikwa kabla ya kanuni hiyo, hakuhesabiwa, ndiyo maana hakuna aliyewapigia hodi."

Kinyozi alijiachia kwenye kiti cha wateja. "Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyemsahau," alisema.

"Hukumsahau, kaka. Ulielemewa."

Orodha ikarekebishwa. Mtaani hapo walionekana watoto kumi na mmoja "waliohama" ambao hawakufika popote. Mwalimu mkuu wa shule ya hapo akawapitia nyumba kwa nyumba. Kwa kinyozi, alikunywa maji, akasikiliza, kisha akamtafutia yule mtoto mchanga nafasi katika kituo cha kulelea watoto.

Kituo kilifungwa saa sita, kwa hiyo mchana kinyozi alinyoa huku mtoto yuko mgongoni.

"Fundi, huyu naye ananyoa?" mteja alitania.

"Huyu ndiye bosi."

Binti akaingia mbio, sare ikimpwaya.

"Baba! Mwalimu ameita majina. Alipofika kwangu nikasema 'nipo' kwa sauti kubwa mno, darasa zima likacheka!"

"Na wewe je?"

"Nikacheka pia."

Kinyozi aligeukia ukutani. Akamwomba mteja amvumilie kidogo.