Upepo Alioupunguza Khisa

Tairi la nyuma la kulia lilikata pumzi Ijumaa saa saba mchana, kwenye njia ya ng'ombe ambayo hata ng'ombe walikuwa wameikimbia. Halikupasuka. Lilizomea kwa sauti ndefu, lori likainama, na Kimutai dereva akazima injini.

Khisa alikuwa ameshashuka. Yeye ndiye fundi wa tairi, aliyetumwa na mwenye lori kutoka Nakuru kwa sababu miiba ya Baringo haina adabu. Walikuwa wamepeleka viazi vya Molo ng'ambo ya Marigat, wakaviacha na magunia yake, na sasa walirudi na lori tupu. Njia hii ya mkato ilikuwa wazo la Khisa, na alilitetea kwa maneno mengi.

Haraka yake ilikuwa na jina. Nekoye, mkewe, alikuwa akishuka kwenye treni Nakuru Jumamosi, akiwa na Truphosa, mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu ambaye babake hajamtia machoni. Miaka miwili Khisa aliahidi kwenda nyumbani Kimilili, na miaka miwili akaandika barua tu: mara mvua, mara barabara, mara bwana mkubwa kamnyima ruhusa. Nekoye alijibu kwa mistari mitatu. Atangoja kituoni mpaka treni ya Jumapili saa kumi jioni. Asipomwona atarudi nayo. Na asimwandikie tena.

Khisa alibandua tairi na kuvuta tyubu. Mdomo wa kutilia upepo ulikuwa umeng'oka kabisa, na hapo kiraka hakisaidii kitu.

"Ni nini?" Kimutai akauliza.

"Mwiba."

Haukuwa mwiba. Saa tano asubuhi walikuwa wamesimama, tairi zimechemka na kuwa ngumu kama jiwe. Zilikuwa zimejazwa katika baridi ya asubuhi kule juu Nakuru, na kwenye joto la bondeni upepo hufura. Dawa yake ni kuziacha kivulini zipoe zenyewe. Ukipunguza upepo tairi linalegea, linazidi kuchemka, linateleza kwenye rimu na kuikokota tyubu hadi mdomo wake unang'oka. Khisa aliwafundisha jambo hilo madereva wangapi! Lakini kivuli kingekula saa mbili nzima, na Kimutai alipoingia kichakani kukojoa, fundi wetu mwerevu aliinama upesi upesi akapunguza upepo tairi zote nne.

Walifunga spea, tairi la akiba. Hiyo nayo aliichagua mwenyewe, ya juu kabisa kwenye rundo la mwenye lori, kwa kuwa ilikuwa na meno mazuri. Hakuikunja kutazama nyufa ubavuni. Haikumaliza maili mbili. Ilipasuka kwa mshindo, usukani ukamponyoka Kimutai, lori likapiga mti na paji lake la uso likachanika mpaka mfupa ukaonekana.

Khisa alimfunga kwa shati lake. "Unaona vizuri?"

"Naona wewe. Si vizuri sana." Kimutai alitema mate makavu. "Maji imebaki ngapi?"

"Robo debe. Na ile ya rejeta."

"Ya rejeta usiguse. Bila hiyo hatuendi."

Barabara kuu ilikuwa mbali, maili kumi na tano hivi kuelekea kusini. Basi Khisa akafanya kile mafundi wa kule hufanya wakiishiwa: akakata mkonge wa porini, akauponda kwa nyundo, akauchanganya na nyasi kidogo alizozipata na blanketi zao wote wawili, akaushindilia ndani ya lile tairi la kwanza, tupu bila tyubu, kwa mpini wa jeki. Aliushindilia mpaka viganja vikatoka damu. Jua lilipozama tairi lilikuwa gumu kiasi cha kubeba lori.

Tairi la namna hiyo haliendi ila mwendo wa mtu. Ukikimbia linawaka moto kutoka ndani. Jumamosi yote Kimutai aliendesha na Khisa akatembea kando, akiligusa kila mara, na kila lilipoanza kunuka moshi alipiga bodi na lori likasimama. Walikunywa funda moja moja. Midomo ilipasuka. Miguu yake ilitembea na moyo wake ukitangulia Nakuru, ukikaa kwenye benchi la kituo, ukitazama uso ambao hakujua umefanana na nani. Alitamani kumwona mtoto yule kuliko maji. Saa saba alijua treni imeshafika.

Mchana Kimutai alianza kutetemeka kwa homa.

"Wewe enda," alisema. "Ukienda na miguu utafika kesho. Mimi nitakaa hapa na lori."

Khisa aliitazama njia. Mtu mmoja, bila tairi la kubembeleza, angefika. Kisha akalitazama shati lililolowa damu, akakaa chini kwenye vumbi.

"Haikuwa mwiba," alisema. "Mimi ndio nilipunguza upepo."

"Najua. Nilisikia ikitoa. Mtu akikojoa hazibi masikio."

"Sasa mbona ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja useme." Kimutai alijivuta kwenye kiti. "Haya, tembea. Uguse tairi."

Jumapili jua likipanda waliona mistari ya mkonge uliopandwa na watu, upande wa Mogotio. Mama mmoja, Chepchirchir, mke wa mnyapara wa shamba, aliwapa maji kwa kikombe kidogo na kuwanyang'anya kila walipotaka kuyagugumia. "Pole pole," alisema, "mtatapika." Mumewe alipofunua jeraha la Kimutai aliagiza lori la shamba limpeleke hospitali Nakuru mara moja. Dereva wa lori hilo ilibidi atafutwe kanisani, na ibada ilikuwa ndefu. Khisa alipandishwa pamoja na mgonjwa.

Alishuka kituoni zikibaki dakika tano kufika saa kumi. Treni ilikuwa tayari imesimama. Alipita mabehewa ya daraja la tatu akichungulia, kifua wazi, miguu imevimba, watu wakimpisha. Nekoye alikuwa dirishani, mtoto amelala begani.

"Khisa." Hakutabasamu. "Leo ni nini? Mvua?"

Jibu lilikuwa ulimini: barabara, miiba, tairi bovu.

"Nilipunguza upepo kwa tairi nikijua itaharibika," alisema. "Karibu niue dereva. Na kuja nyumbani, hakuna mtu alininyima ruhusa. Niliona aibu kuja mikono mitupu, nikakudanganya. Miaka yote miwili."

Gadi alipuliza filimbi. Nekoye alitazama midomo yake iliyopasuka, damu kavu viganjani. Treni ikashtuka ikatulia. Ndipo alipomtoa mtoto begani akamsogeza dirishani.

"Shika mtoto," alisema, "nishuke."

Khisa alipangusa mikono kwenye suruali mara mbili. Haikutakata. Akampokea hivyo hivyo.