Ubeti wa Tatu

Alasiri ile Naftali aliweka kiganja juu ya kichwa cha injini kabla hajawasha moto wowote, akakuta kina joto. Akaondoa mkono haraka. Injini haikuwa imefanya kazi kwa siku tisa, tangu wamzike mkewe Tabea, na mwenye ufunguo wa banda alikuwa yeye peke yake.

Akajikaza. Nje, wakulima wa mlimani walikuwa wameshusha magunia ya kahawa mbivu. Siku zote tisa walikuwa wakiibeba kichwani hadi Usa River, na leo shingo zimekataa. Kahawa isipomenywa ndani ya siku moja inachacha, na jasho la mwaka mzima linapotea.

"Fundi Naftali, itawaka?" aliuliza Ndesanjo, msimamizi wa kiwanda.

"Itawaka."

Injini ile kuukuu, waliyoinunua kwa mlowezi mmoja baada ya vita, haikuwaka kwa kubembelezwa. Ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza taa ya kupuliza moto inachoma kichwa mpaka kiwe chekundu. Kichwa kikiwa tayari, mtu analianzisha gurudumu kubwa kwa mpini, ndipo kichwa kinayawasha mafuta, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inalizungusha gurudumu, gurudumu linavuta mkanda, na mkanda ndio unaoiamsha mashine ya kumenya. Kila mmoja anamsubiri aliyemtangulia. Ikigoma, Naftali alizoea kuwaambia watu, usiipige mateke, tafuta hatua iliyorukwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya Tabea. Hawakuwa na saa, basi Tabea alishika taa na kuimba wimbo wa kanisani, beti tatu, polepole, na akimaliza ubeti wa tatu kichwa kimeshaiva. Miaka sita hakukosea hata mara moja. Naftali alimtania kwamba ameoa saa ya kiwanda, na Tabea alimjibu kwamba saa hiyo inadai chai.

Sasa aliwasha taa mwenyewe. Alijaribu kuimba, akashindwa, akabaki kukisia. Ndipo aliponusa mafuta ya nyonyo, yale aliyokuwa akijipaka Tabea nywele, na kutoka ndani ya chuma sauti ikaanza kuimba, ubeti wa kwanza, kisha wa pili, sauti yake hasa, na ilipofika mwisho wa ubeti wa pili ikakatika ghafla, na gurudumu ambalo hakuna mtu aliyeligusa likaanza kuzunguka kinyumenyume, taratibu, halafu kwa kasi, mpini wake ukipita mbele ya uso wa Naftali kwa upana wa kidole, naye badala ya kukimbia akainama ili asikie vizuri zaidi.

Ndesanjo akamvuta kwa shati. "Toka nje! Unataka kufa?"

Asubuhi yake Ndesanjo alimleta Nashipae, mganga wa Elerai, na watu wa kanisani waseme watakavyo. Hakuja na ngoma wala kibuyu. Alilizunguka gurudumu mara moja, akalinusa.

"Shikamoo, mama," alisema Naftali.

"Marahaba. Mkeo alifia hapa?"

"Ndiyo, mama. Alilizungusha kabla ya wakati." Ndivyo alivyowaambia waombolezaji wote.

Ndani ya chuma kitu kikacheka kidogo. Tabea hakuwahi kucheka namna ile.

"Huyo si mkeo, fundi," Nashipae alinong'ona. "Ni jini. Limeokota sauti yake pale ilipokatika, na uongo wako ndio unaolilisha. Nani aliikata?"

Naftali alitazama chini. 

"Mimi, mama. Mvua ilikuwa inakuja. Nikamwambia, inatosha, toa taa. Akasema, bado ubeti mmoja. Nikazungusha." Akafuta uso kwa mkono wenye grisi. "Kichwa hakikuwa kimeiva. Gurudumu likarudi nyuma, likampiga akiwa ameinama, taa mkononi."

Nashipae alimwacha alie kwanza.

"Leo uimbe wote, ubeti wa tatu usiuache. Likitoka, litatoka na sauti. Hutaisikia tena. Na kila siku uumalize, fundi. Ukiuacha njiani litarudi, na safari hiyo litadai roho ya mtu."

Naftali akawasha taa, akaimba kwa sauti mbovu inayokatikakatika, na ile sauti nyingine ikamfuata mpaka mwisho wa ubeti wa pili. Alipouanza wa tatu alikuwa peke yake. Akaumaliza, akazungusha gurudumu, injini ikakohoa, ikashika, mkanda ukavuta. Wakulima wakapiga vigelegele. Harufu ya nyonyo ilikuwa imekwisha, imebaki ya mafuta ya taa tu, na Naftali akakaa juu ya gunia akalia kuliko alivyolia makaburini. Ile siku ya kwanza alikuwa amezika mwili tu.

Kesho yake alimwambia Ndesanjo awaweke watu mbali na banda. Akafunga mlango kwa ndani. Akawasha taa, akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akafumba mdomo. Alikuwa amesimama pale alipokuwa akisimama Tabea, ubavuni mwa gurudumu.

Alisubiri mpaka akakata tamaa. Kisha nyonyo ikanukia.

"Tabea," aliita, ingawa alijua si yeye.

"Inatosha," ilisema sauti ya mkewe kwa upole. "Toa taa."

Naftali akainama mbele ya mpini, kama alivyoinama Tabea.