Chumvi ya Jatagarh

Zama zile masultani wa Dekani, huko Bara Hindi, walipokuwa wakigombania tembo wa vita, Wagondi walikuwa na nchi yao juu ya uwanda wa milima, nchi isiyopandika kwa urahisi. Mashariki ilifunikwa na misitu minene ya misaji. Magharibi ilikatika ghafla, majabali yakashuka wima hadi nyanda za chini. Wagondi waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo, wakarina asali, wakakausha maua matamu ya mti wa mahua, wakapanda mtama katika ardhi nyekundu. Kitu kimoja tu hawakuwa nacho, nacho ni chumvi. Hiyo ililetwa kutoka pwani ya mbali na Wabanjara, wachukuzi wasio na kijiji, waliozunguka nchi na makundi ya ng'ombe waliovishwa kauri na kengele shingoni.

Nchi ilitawaliwa na Rani, yaani malkia, Lakhme, mjane, kutoka ngome ya Jatagarh. Sultani alipodai tembo wote waliofunzwa, Rani alimrudishia mjumbe wake na mkungu wa ndizi mbichi, chakula cha tembo bila tembo. Sultani hakucheka. Alimtuma Jemadari Mirak Beg na askari wa deraya na bunduki za utambi, nao, walipoona majabali hayapandiki, wakapiga kambi chini na kuifunga njia ya chumvi.

Yalipita masika, ukaja ukame, na njia bado imefungwa. Watu walichoma majani wakachuja majivu ili wapate ladha. Wakati wa joto kali watoto walianza kuharisha na kulegea. Miongoni mwao alikuwa Budhri, mtoto pekee wa Hunga.

Huyu Hunga alikuwa mkuu wa walinzi wa Koo la Jiwe, njia nyembamba iliyopanda nyuma ya maporomoko ya maji hadi mgongoni mwa ngome. Walioijua walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa ameapa mbele ya Rani, kiganja juu ya upanga. Hunga alikuwa mtu wa maneno machache, mabega mapana, na mkewe Somari alizoea kusema kwamba mume wake akikasirika huchonga mishale.

Siku Budhri aliposhindwa kushika titi la mama yake, Hunga alichukua podo lake akashuka. Alimtafuta Rupla Naik, kiongozi wa Wabanjara, rafiki yake wa tangu ujana. Alimkuta pembeni mwa mto mkavu, ng'ombe wake wamesimama bila mizigo.

"Wameninyang'anya yote, ndugu yangu," Rupla akasema. "Hata ya kulamba ng'ombe hawakuniachia. Rudi juu, wasije wakakuona."

Lakini walikwisha kumwona. Kabla jua halijageuka, Hunga alikuwa amepigishwa magoti katika hema la jemadari, juu ya zulia laini kuliko kitanda alicholalia maisha yake yote.

Mirak Beg hakumpiga. Aliagiza bakuli la chumvi nyeupe liwekwe mbele yake.

"Una mtoto?" akauliza.

Hunga aliinua uso ghafla. Macho yake yalijibu.

"Mimi sitaki roho ya mtu. Nataka tembo, na mazizi yao yako nyuma ya ngome. Nionyeshe pa kupita. Watu wangu watawachukua wanyama alfajiri na kushuka nao kwa njia kuu, na njia ya chumvi itafunguliwa siku hiyo hiyo. Mtoto wako ataishi, na watoto wa wenzako pia."

Hunga alilitazama bakuli. Alijiambia kwamba tembo ni wanyama tu, kwamba Rani angewanasa wengine msituni. Alijiambia mengi. Kisha akachukua kijiti, akachora njia kwenye mchanga wa mlangoni.

Alipanda na magunia mawili ya chumvi. Somari alichovya kidole, akakitia kinywani mwa mtoto, na jioni ile Budhri akanyonya. Majirani walikuja na vibuyu vyao, hakuna aliyerudi mikono mitupu.

"Umeipata wapi?" wakamwuliza.

"Kwa Rupla Naik," akasema. Lilimtoka bila kulifikiri, kwa kuwa ndilo jina la karibu.

Siku iliyokubaliwa, aliwaondoa walinzi wa Koo la Jiwe, akawaambia Rani anawataka lango kuu. Aliona kwamba njia ikiwa tupu hapatakuwa na wa kuumia. Wote walikwenda, isipokuwa Joga, kaka yake Somari. Joga alifika langoni, akaona si vizuri kuuacha mlango ule bila mtu, akarudi peke yake na baragumu lake.

Alfajiri baragumu likalia. Lililia mara moja, kwa mlio mrefu, kisha likakatika.

Hunga alikimbia kuelekea sauti ile. Askari wa deraya walikuwa wakimiminika kutoka nyuma ya maporomoko, na hawakugeukia mazizi. Walikuwa wakiikimbilia ngome, wengine na mienge mikononi. Joga alilala kifudifudi kwenye mlango wa njia, baragumu chini ya kifua chake.

Hapo Hunga akapiga ukelele uliowatoa watu majumbani. Alichukua nguzo ya mwanzi, akapanda juu ya koo lenyewe, palipokuwa na majabali yaliyolegezwa na mvua za miaka, akasukuma. La kwanza liliwashukia waliokuwa wakipanda. La pili likaporomosha ukuta mzima, njia ikazibika kwa kishindo kilichotikisa nyumba za kijijini. Mkuki ulimpasua paja, hakuusikia. Askari waliobaki juu walikuwa wamelowa maji ya maporomoko, tambi za bunduki zao zimezimika, na Wagondi wakawakabili kwa shoka na mishale hadi wakatupa silaha. Siku chache baadaye masika yalianguka, homa ikaingia kambini, na Mirak Beg akaondoka na nusu ya jeshi alilokuja nalo.

Nchi ilizika wafu wake, kisha ikamwinua Hunga. Rani alimvika kilemba chekundu na bangili ya fedha. Wanawake walimwimba. Somari, aliyekuwa akiomboleza kaka yake, alimfunga kidonda cha paja akasema, "Angalau wewe umemlipizia." Hunga akageuza uso ukutani.

Halafu watu wakaanza kuulizana ni nani aliyewaonyesha adui njia. Na mmoja akakumbuka: Rupla Naik alipata wapi chumvi, wakati chumvi yote ilikuwa mikononi mwa jemadari?

Rupla alipanda mwenyewe, wa kwanza baada ya njia kufunguka, ng'ombe wake wamejaa mizigo, anaimba kwa furaha. Walimkamata kabla hajawafungua. Akasimamishwa katika uwanja wa ngome, mbele ya Rani.

"Wakati njia imefungwa, ulimpa Hunga chumvi?" Rani akauliza.

Rupla akamtazama rafiki yake. Aliona uso uliokuwa na rangi ya majivu. Hakujua kilichokuwa nyuma yake; alijua tu kwamba Hunga alikwisha kusema jambo, na kwamba kulikana kungemwaibisha mbele ya watu wake.

"Naam, Mama Rani. Nilimpa."

Uwanja ulinguruma. Rani akatamka hukumu: atupwe kutoka jabali la magharibi. Hunga alikuwa amesimama kuumeni kwa Rani, kilemba kichwani. Walimfunga Rupla mikono. Hakulia, hakumlaani mtu. Alipokuwa akipitishwa mbele ya Hunga alisimama.

"Ndugu yangu," akasema, "ng'ombe wangu hawajanywa maji tangu jana. Wanyweshe."

Hunga akavua kilemba.

"Mwacheni," akanena. "Mwacheni! Hakunipa hata chembe. Chumvi nilipewa na jemadari. Njia niliichora mimi kwenye mchanga. Walinzi niliwaondoa mimi. Joga ameuawa na mkono wangu."

Kengele za ng'ombe zililia. Rani alimtazama kama mtu anayetafuta nyumba yake mahali palipoungua.

"Mawe uliyoyasukuma yameokoa nchi hii," akasema, "kwa hiyo utaishi. Lakini utashuka leo, na hutalipita tena jiwe la mpaka kuja huku juu. Wala jina lako halitatajwa na mtu yeyote katika nchi yangu."

Somari alimngoja njiani, mtoto mgongoni.

"Ile chumvi nilimlisha kwa kidole changu," akasema.

"Najua."

"Na amepona."

"Najua, Somari."

"Nitamwambia baba yake alikufa vitani, upande mmoja na mjomba wake. Usije ukanifanya mwongo." Akageuka, akapanda, wala hakutazama nyuma.

Rupla alimchukua katika msafara wake. Alimpa chakula, alimpa ng'ombe wa kuongoza, na alimtibu paja lililokuwa limeoza. Ila tangu siku ile hakumwita tena ndugu; alimwita Hunga, basi.

Miaka ikaenda. Juu ya uwanda waimbaji walitunga wimbo wa vita vya Jatagarh, mrefu, wenye kusifu baragumu la Joga na hekima ya Rani. Walipofika mahali pa majabali walipiga ngoma bila kuimba, kisha wakaendelea na ubeti unaofuata. Vijana walidhani waimbaji wamesahau maneno.

Kila baada ya masika, Wabanjara walipanga soko chini ya jiwe la mpaka, na Wagondi wakashuka na asali na chuma chao. Mwaka mmoja, mzee mwenye kuchechemea aliyekuwa akipima chumvi aliinua macho akamwona msichana mrefu, mabega mapana, na kapu la nta kichwani. Mwanamke mwingine alimwita kwa mbali: "Budhri! Fanya haraka!"

Mzee alijaza kibaba hadi kikafurika. Akajaza tena. Chumvi ikamwagika kwenye kitambaa.

"Baba, umezidisha," msichana akasema, kwa heshima ya kijana mbele ya mzee asiyemjua. "Nta yangu haifikii yote hiyo."

Hunga alifungua kinywa. Akamkumbuka mwanamke aliyepanda bila kutazama nyuma.

"Chukua tu, mwanangu," akasema. "Safari ni ndefu."

Msichana akashukuru, akafunga kitambaa, akalipita jiwe la mpaka na wenzake, wakicheka. Mzee akabaki na kibaba mkononi, hadi Rupla alipomwambia kwamba kuna watu wanangoja.