Njia Namba Saba Hufungwa kwa Matengenezo

Jumatatu asubuhi Jürg Allenspach alikunjua ramani ya mlima juu ya meza ya kifungua kinywa, akazikandamiza pembe zake kwa chupa ya jemu na kikapu cha mayai, akaanza kuigawa wiki. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya vibali vya ujenzi, huko tambarare, na hakuwa mtu wa kwenda hata msalani bila kujua njia mbadala. Leo miteremko ya mashariki. Kesho ya magharibi, kwa ajili ya jua. Kalamu nyekundu ilitembea sana.

Mkewe, Marlies, aliichukua kalamu ile taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akamtilia ya bluu mkononi.

Kwa wanaoteleza thelujini kwa skii, vile vibao virefu vya miguuni, rangi ndiyo sheria. Njia ya bluu ni ya wanaojifunza na wazee, nyekundu ni ya wanaojua, nyeusi ni ya wanaojua sana au wasiojali. Na Jürg alikuwa anajua. Lakini mwezi wa Aprili moyo wake ulisimama dukani, kwenye foleni ya jibini, ukarudishwa kwa shida, na daktari aliiruhusu likizo hii kwa sharti moja: bluu tupu. Tangu siku ile ya duka Marlies hakuwa amelia. Kuna kitu ndani yake kiliingia ganzi kikabaki hivyo, kama mkono uliolaliwa. Alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni kumrudisha mtu huyu nyumbani Jumamosi akiwa hai.

"Bluu ni za watoto wa chekechea," Jürg alisema.

"Basi utakuwa mrefu kuliko wote. Utafurahi."

Bibi Kreszenz, mwenye nyumba, alikuja na birika la kahawa. Alikuwa mjane mnene wa Binnegg, kijiji cha mlimani walikofikia, na wageni aliowapangisha vyumba vya juu aliwatazama kama watu wanavyotazama hali ya hewa: bila chuki, bila matumaini. Alichungulia ramani, akaweka kidole kwenye njia namba saba, ile ndefu ya bluu inayozunguka bega la mlima. Asubuhi haina neno, alisema. Lakini ikishafika saa tisa na nusu alasiri, washukie namba nane.

Namba nane ilikuwa nyekundu. Marlies akamweleza habari za moyo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema hata hivyo washukie namba nane, ikibidi kwa makalio.

Ikabidi aeleze. Roho za bonde lile zenye mzigo wa dhambi haziendi motoni. Pale Wallis, jimbo lao la Uswisi, hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuzisafirisha mbali kiasi hicho na barafu kuu iko hapo juu. Hupanda kwenye barafu zikagandishwa mpaka zitakate. Na hupandia namba saba, kwa kuwa ndiyo njia ya kale ya kupeleka ng'ombe malishoni, na marehemu, kama mtu yeyote aliyechoka, huchagua penye mwinuko mdogo. Kamati ya utalii ilikaa kuhusu jambo hilo. Haikuweza kuandika ubaoni kwamba njia imefungwa kupisha wafu. Wageni wangezidi, na watu wa bima wangeuliza maswali. Ikaandika "matengenezo". Wakubwa wa jimbo wakataka kujua ni matengenezo gani yasiyokwisha. Kamati ikajibu: ya kawaida. Jimbo likaridhika.

Jürg alicheka hadi akakohoa. Akasema msafara wa namna hiyo, kwa taratibu anazozijua yeye, unahitaji kibali.

Bibi Kreszenz hakucheka. Alimwinamia Marlies na birika lake, akashusha sauti.

"Mkikutana nao, mwanangu, simameni upande wa juu wa njia. Kimya. Wala msiwasalimie, hata ukimwona mamako. Wakiitikia, wameshakupa nafasi kwenye msafara."

Marlies alishukuru kwa kahawa. Kati ya daktari na bibi mwenye birika alijua amsikilize nani.

Jumatano upepo uliamka ghafla. Walikuwa kwenye viti vya kuning'inia, vile vinavyopandisha watu kwa waya, na viti vikasimama. Wakakaa hewani muda mrefu, miguu ikining'inia na skii zake, wakitazama ukungu ukipanda kuwafuata. Viti vilipotembea tena na kuwatema kileleni, saa tisa na nusu imeshapita, mtu wa zamu alikuwa anafunga kibanda. Akawaambia washuke haraka, wao ndio wa mwisho, akatangulia kwa namba nane, akamezwa na ukungu.

Wakabaki penye njia panda. Kushoto namba nane ilizama chini kama ukuta. Kulia namba saba, pana, laini, na wavu umevutwa nusu. Ubaoni: IMEFUNGWA KWA MATENGENEZO.

Jürg alisema twende nyekundu, ni fupi, tutakuwa chini kabla supu haijapoa. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Marlies aliifahamu. Aliiona dukani.

"Tunapita bluu," alisema.

"Imefungwa, mke wangu."

"Wewe unaonaje? Kuna matengenezo hapo?"

Jürg akaitazama theluji, haina alama ya mashine wala ya koleo. Akatabasamu. Amekaa miaka yote ile akiandika mbao za namna hiyo, alisema. Ubao unaodanganya anaujua kwa harufu. Akauinua wavu ili mkewe apite.

Walishuka polepole. Ukungu ulikuwa mweupe, theluji nyeupe, mbingu nyeupe. Hukujua kama unakwenda au umesimama. Marlies alitangulia, akifuata nguzo za ukingoni, moja ikifutika ndipo nyingine inatokea. Nyuma yake alisikia mkwaruzo wa skii za mumewe. Alikuwa akiusikiliza kama mtu anavyosikiliza pumzi ya mgonjwa.

Kisha akasikia sauti nyingine. Kutoka chini. Mnong'ono wa watu wengi wakisema maneno yaleyale, kama rozari.

Akasimama. Jürg naye akasimama.

Wa kwanza alitokea kwenye ukungu akipanda. Mwanamume wa koti la zamani, kichwa kimeinama. Nyuma yake mwanamke. Nyuma yake mwingine. Mstari mmoja, katikati ya njia, bila haraka.

"Watembea kwa miguu," Jürg alisema. "Kwenye njia ya skii. Na hali hii."

Marlies alitazama chini. Hawakuwa na viatu. Hawakuwa na soksi. Vidole vilikuwa vya bluu.

Alimshika mumewe mkono, akamvuta upande wa juu. Alimnong'oneza anyamaze. Hakusema kwa nini.

Sasa, mtu wa tambarare atapishana ngazini na jirani wa miaka kumi asimpe neno. Mpandishe mlimani, atamsalimia hata mbuzi. Ni adabu ya mlima, ndogo lakini haina msamaha, na Jürg aliishika kama kifungu cha sheria.

"Habari za mchana," akamwambia wa kwanza.

Hakujibiwa.

"Jürg," Marlies akamtikisa mkono.

"Habari za mchana," akamwambia wa pili. Na wa tatu. Walipita karibu kiasi cha kuguswa. Hakuna aliyeinua uso. Hawakutoa mvuke mdomoni. Marlies alifumba macho. Alimsikia mumewe akiendelea, salamu baada ya salamu, sauti ikipanda kidogo kila mara, kama karani anayeita jina la mtu asiyekuja dirishani.

"Watu wa huku hawana adabu kabisa," Jürg akasema.

Mnong'ono ulianza kufifia juu. Marlies akafumbua macho. Wa mwisho alikuwa mzee mwembamba, ametenganishwa kidogo na wenzake. Nafasi ya mtu mmoja.

"Habari za mchana, mzee."

Mzee akasimama. Akainua uso.

"Nzuri, Jürg," akasema. "Umechelewa."

Akaendelea kupanda. Ukungu ukamfunika.

Jürg alicheka kidogo. Afadhali mmoja amelelewa, alisema. Kisha akasema twende, nami nipo nyuma yako.

Marlies alitelemka. Alitelemka njia nzima bila kugeuka, na kila alipofika kwenye nguzo aliuliza, "Upo?" na nyuma yake, karibu sana, sauti ikajibu, "Nipo." Mkwaruzo wa skii hakuusikia tena. Aliuambia moyo wake ni theluji laini.

Jioni Bibi Kreszenz aliwayeyushia jibini na viazi. Jürg alikula bila kupuliza, kutoka moja kwa moja kwenye kikaango, moshi ukifuka. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri. Bibi aliuliza kama walikutana na watu huko juu. Marlies akasema hapana.

"Wengi tu," Jürg akasema. "Ila aliyeitikia ni mmoja."

Bibi Kreszenz aliweka kijiko mezani. Sahani ya tatu, yake mwenyewe, akaichukua akaenda kula jikoni, na mlango akaurudishia.

Asubuhi kulikuwa kweupe, jua kali, wala theluji mpya haikuanguka. Theodul, mpwa wa Bibi, ndiye anayeendesha mashine ya kusawazisha miteremko. Alimkuta Marlies mlangoni, akamwambia apande naye kidogo. Marlies akapanda. Mashine ikanguruma mpaka begani mwa mlima. Theodul akazima injini.

Kutoka juu zilikuja alama za skii za watu wawili. Zilifika ukingo wa juu wa njia, zikasimama sambamba, theluji imekanyagwakanyagwa. Kutoka pale kwenda chini zilikuwa za mtu mmoja. Marlies aliyatambua mapindi yake mwenyewe, mapana, ya uoga.

Na kutoka pale kwenda juu zilikuwa nyayo tupu. Za mtu mmoja pia.

"Hao wengine hawaachi alama," Theodul alisema, akiangalia kwingine. "Wa siku ya kwanza tu. Bado ana uzito."

Marlies alishuka kwenye mashine, akachuchumaa. Mguu wa kushoto, kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba. Jürg alikivunja kwenye fungate yao, kwa kugonga mguu wa kitanda, wakacheka usiku kucha. Aliweka kiganja ndani ya unyayo. Hakuhisi kitu, hata baridi.

"Nisawazishe?" Theodul aliuliza.

Marlies akautoa mkono.

"Sawazisha," akasema.

Aliporudi, Jürg alikuwa mezani na ramani, amevaa soksi zake za sufu, ana kalamu mkononi. Mistari ilikuwa imenyooka sana.

"Zote bluu," akasema, na kutabasamu. "Kama ulivyotaka."

Jumamosi alimrudisha nyumbani. Daktari alimpima, akasikiliza kifua chake kwa muda, akabadilisha kifaa, akasikiliza tena. Mwisho akasema hajapata kukutana na moyo mtulivu namna hii, akampa mkono kumpongeza, kisha akaufuta mkono wake kwenye koti bila kujua.

Wanaishi vizuri. Majirani wanasema ni mume mwema, tena siku hizi anasalimia watu mpaka ngazini. Kila asubuhi anaoga, anatoka bafuni miguu mitupu, maji yakimchuruzika, anakatiza sebule kwenda kuvaa, na Marlies anamfuata nyuma na tambara la kukaushia, kama alivyofanya miaka yote.

Anapiga magoti, anapangusa. Sakafu huwa imekauka.